George Müller na Yatima wa Bristol

Magharibi ya Uingereza, juu ya mwinuko uitwao Ashley Down katika mji wa bandari wa Bristol, yamesimama majumba matano ya mawe, makubwa na mazito, yenye madirisha mengi yaliyopangwa safu kwa safu pasipo pambo lolote, ambayo yalifunguliwa moja baada ya jingine baina ya mwaka 1849 na mwaka 1870, baada ya kujengwa kwa gharama ya pauni 100,000 na ziada ili yawe maskani ya watoto 2,050 waliofiwa na baba na mama. Mtu aliyeyajenga hakuwa tajiri, hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa, hakuwa na ukoo wala cheo cha kujivunia, na kwa muda wa miaka zaidi ya 60 hakumwendea mtu hata mmoja kumwomba fedha ya kuwalisha yatima wale. Kila alichokihitaji, tangu viazi vya chakula cha mchana mpaka chokaa ya kuta, alikiomba kwa Mungu mlango ukiwa umefungwa, kisha akakiandika katika daftari siku kilipofika. Habari hizi zilienea sana katika zama zake, na wako waliozikuza zikawa hekaya, na wako waliozidharau zikawa mzaha. Lakini mwenye kuzifuata mwaka baada ya mwaka ataona kuwa katika nyumba zile sala ilishika nafasi ya baraza la wakuu, ya mweka hazina na ya mwandishi wa barua za kuchangisha, yote kwa pamoja, na kwamba iliishika nafasi hiyo kwa sheria kali ambazo wengi waliomsifu George Müller hawakuwa tayari kuzifuata.

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika kijiji cha Kroppenstedt, katika ufalme wa Prussia, na baba yake alikuwa mtoza ushuru wa serikali. Fedha za ushuru zilikaa nyumbani, na kijana huyu, kabla hajafikia umri wa miaka kumi, alikuwa amekwisha jifunza kuziiba kidogo kidogo na kuyapotosha mahesabu aliyotakiwa kuyatoa. Usiku mama yake alipokuwa akikata roho, yeye mwenye umri wa miaka 14 alikuwa akicheza karata, na kesho yake alikuwa akizurura njiani amelewa. Alipofika miaka 16 alitiwa gerezani katika mji wa Wolfenbüttel kwa sababu ya kula na kulala katika nyumba ya wageni bila ya kulipa. Baba yake, ambaye alimkomboa na kumrudi kwa fimbo, alitaka mwanawe awe mchungaji wa kanisa, si kwa ajili ya ibada, bali kwa kuwa wachungaji wa nchi ile walikuwa na riziki ya kutosha na nyumba nzuri ambamo mzee angeweza kumalizia siku zake. Nimeyataja haya kwa urefu kidogo kwa sababu mtu huyu ndiye ambaye baadaye karibu pauni milioni moja na nusu zilipita mikononi mwake kwa amana, na ushuhuda wa daftari ni kwamba hakuna iliyopotea.

Mwaka 1825 aliingia chuo kikuu cha Halle kusoma elimu ya dini, akiwa na Biblia asiyoisoma na madeni asiyoweza kuyalipa. Jioni moja ya mwezi wa Novemba rafiki yake alimchukua mpaka nyumba ya mfanya biashara mmoja aitwaye Wagner, ambako Wakristo wachache walikusanyika kuimba na kusoma. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alimwona mtu akipiga magoti sakafuni na kuomba. Yeye mwenyewe, ambaye alikuwa akisomea uchungaji, hakuwahi kusali kwa magoti. Alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuweza kumweleza mwenzake sababu yake, na tangu usiku ule mwenendo wake ulianza kugeuka. Mji wa Halle ulimpa na jambo la pili. Zaidi ya karne moja nyuma, mchungaji August Hermann Francke alikuwa ameanzisha hapo nyumba ya yatima kwa fedha kidogo iliyotiwa katika sanduku la sadaka, na nyumba hiyo ikakua mpaka ikawa kama mtaa mzima. Müller, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi fukara, alipata kulala kwa muda katika vyumba vya hisani vya nyumba ile, pasipo kujua kwamba alikuwa amelala juu ya ramani ya maisha yake.

Alifika London mwaka 1829 kujifunza kazi katika chama cha kuwahubiria Wayahudi, akaugua, akapelekwa kupunga hewa katika pwani ya Devon, na huko katika mji mdogo wa Teignmouth akakutana na Mskochi aitwaye Henry Craik, ambaye walidumu katika urafiki mpaka mauti. Mwaka 1830 alifanywa mchungaji wa kanisa dogo la mji ule, na mwezi wa Oktoba wa mwaka huo akamwoa Mary Groves, dada wa Anthony Norris Groves, tabibu wa meno wa Exeter aliyeacha kazi yenye faida kubwa akaenda kuhubiri Baghdad. Kabla ndoa haijatimiza miezi mingi mume na mke walikata shauri lililowashangaza jirani. Katika makanisa ya siku zile mshahara wa mchungaji ulitokana na kodi ya viti, ambapo tajiri alikodi kiti kizuri cha mbele na maskini akakaa pembeni, na Müller aliona kuwa jambo hilo halipatani na mafundisho ya Mtume Yakobo juu ya kupendelea watu. Basi aliukataa mshahara, akaweka sanduku mlangoni, na akaazimia kuwa kuanzia siku ile hatamwambia mtu yeyote haja zake. Mke wake alikubali. Katika historia za watu kama hawa aghalabu mke hutajwa kwa mstari mmoja na kupitwa, lakini mwanamke aliyekubali kukaa katika nyumba isiyo na mshahara, katika nchi yake mwenyewe, pamoja na mgeni aliyesema Kiingereza kwa lafudhi ya Kijerumani, alitoa sadaka isiyopungua ya mume.

Mwaka 1832 Müller na Craik walihamia Bristol. Kipindupindu kilikuwa mjini, na wageni wawili hawa walianza kazi yao kwa kuzuru wagonjwa na kuzika. Mitaa ya bandari ilijaa watoto waliobaki peke yao, na sheria ya nchi haikuwa na kitu kwa ajili yao ila nyumba za kazi za maskini, ambamo mtoto alichanganywa na wazee, walevi na wenye wazimu. Tarehe 5 Machi 1834 marafiki hawa walianzisha chama cha kueneza elimu ya Maandiko nyumbani na ng'ambo, kisicho na mlezi mwenye jina kubwa wala orodha ya wanachama wenye kutoa ada, na kanuni zake zilikuwa kinyume cha desturi za vyama vya hisani vya Uingereza, ambavyo vilipenda kuanza na jina la mtukufu fulani juu ya karatasi na kumaliza na deni chini yake. Walisema kuwa hawatatafuta ulinzi wa watu wa dunia. Kwamba uendeshaji wa kazi hautawekwa mikononi mwa wasioamini. Kwamba hawatatanua kazi kwa kukopa. Na kwamba mafanikio yao hayatapimwa kwa wingi wa fedha bali kwa baraka watakayoiona. Mwenye kuzisoma kanuni hizi leo ataona zinafanana na ukuta uliojengwa kuwazuia waanzilishi wenyewe wasipate upenyo wa kukimbilia.

Ama nyumba ya yatima, asili yake si yatima peke yao. Müller alieleza wazi, na hakuona haya kueleza, kuwa haja ya kwanza ilikuwa kuwapa waumini ushahidi unaoonekana kwa macho. Katika kuzuru kwake nyumba za watu alikuwa amekutana na fundi mmoja aliyefanya kazi saa 14 mpaka 16 kila siku, mwili wake umedhoofika na roho yake imekauka. Na alipomshauri apunguze kazi apate wasaa wa kusali, fundi alijibu kwamba akipunguza kazi jamaa yake hawatakula. Wafanya biashara nao walimwambia kuwa biashara haiendeki bila ya hila. Müller aliwaza kwamba, kama mtu fukara asiyeomba kitu kwa mwanadamu angeweza kulisha nyumba nzima ya watoto kwa sala tu, watu hawa wangepata hoja ya kushika. Haja ya pili ilikuwa watoto wenyewe, miili yao na elimu yao. Mpango huu wa kwanza na wa pili unaweza kumkwaza msomaji, naye ana haki ya kukwazwa, kwa maana mtoto mwenye njaa hapendi kuwa dalili katika hoja ya mtu mwingine. Lakini nadhani ni mpango huo huo uliowakinga watoto: kwa kuwa sifa ya Mungu, kwa itikadi ya Müller, ilitegemea kila mlo, hakuna mlo uliothubutu kukosekana wala kupunguzwa, na hakuna hesabu iliyothubutu kufichwa.

Jioni ya tarehe 5 Desemba 1835 alikuwa akisoma Zaburi ya 81, akafika katika aya ya kumi, ambamo Mungu anaahidi kumjaza yule afumbuaye kinywa chake. Mpaka hapo alikuwa amemwomba Mungu amjulishe tu kama kazi hii ni ya kuanzwa. Sasa alifumbua kinywa akaomba nyumba, pauni 1,000, na watu wanaofaa kulea watoto. Siku nne baadaye aliitisha mkutano wa watu wote, akaeleza nia yake, na kwa makusudi hakupitisha kikapu cha sadaka. Vitu vilianza kuja: shilingi chache, kabati moja, sahani, mabeseni, mablanketi, uma na visu, vipande vya nguo. Akaja pia mshonaji mmoja mwanamke, dhaifu wa afya, ambaye kipato chake kwa juma kilikuwa shilingi za kuhesabu kwa vidole, akaleta pauni 100 kutoka katika urithi mdogo alioupata. Müller alifadhaika, akamwita na kumhoji, akamtaka afikiri tena, isije ikawa ametoa kwa harara na kujuta kesho. Mwanamke yule alimjibu kwa utulivu, akasimama juu ya neno lake, na fedha ikapokewa. Katika mamia ya kurasa za habari za Müller sijaona tajiri aliyechunguzwa kwa uangalifu mkubwa kuliko fukara huyu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa namba 6 ya mtaa wa Wilson, ya kupanga, kwa ajili ya wasichana. Tarehe 3 Februari 1836 ilitangazwa kuwa siku ya kupokea maombi ya kuingizwa watoto, na Müller akaketi akingoja kwa saa mbili, asije mtu. Akatoka, na njiani akirudi akatambua kuwa alikuwa ameomba fedha, nyumba, walezi, hata samani, lakini hakuwahi kuomba kwamba watoto waje, kwa kuwa alidhani yatima hawatakosa katika mji kama ule. Usiku ule alilala kifudifudi mbele ya Mungu. Siku ya pili ombi la kwanza likaletwa, na kufika katikati ya Mei walikuwako watoto 26 ndani ya nyumba. Kabla ya mwisho wa mwaka ilifunguliwa nyumba ya watoto wadogo katika mtaa ule ule, na mwaka 1837 nyumba ya wavulana. Mwezi wa Juni 1837, mwaka ambao huku kwetu Seyyid Said aliitwaa Mombasa kutoka kwa Mazrui, zile pauni 1,000 zilitimia mpaka shilingi ya mwisho.

Hapo ndipo dhiki ilipoanza. Kuanzia mwaka 1838, kwa miaka kadha wa kadha, hazina ilikuwa tupu mara nyingi kuliko ilivyokuwa na kitu. Mwanzoni Müller aliuficha upungufu hata kwa wasaidizi wake, lakini mwaka ule alibadili shauri: akawakusanya walezi na walimu wote, akawaambia hali ilivyo, akawataka wasikope, wasinunue kwa deni, wasimwambie mtu yeyote wa nje, na waje kusali pamoja naye kila siku. Kwa desturi hii kila mfanya kazi wa nyumba zile, hata msichana wa jikoni, akawa mshiriki wa siri ya hazina. Wala hawakusali tu. Daftari limejaa habari za wafanya kazi waliotoa mshahara wao mdogo, waliouza vitabu vyao na vipuli vyao, kwa sababu waliona haya kumwomba Mungu atoe hali wao wenyewe wamezuia.

Mwezi wa Septemba 1838 ulifika wakati ambapo walikuwa wakitafuta cha kuuza. Tarehe 18 akaja mwanamke kutoka London, akatoa pauni 3, shilingi 2 na peni 6 zilizotumwa na binti yake kwa ajili ya yatima, na ikadhihirika kuwa alikuwa amekaa siku nne au tano katika nyumba iliyopakana na nyumba ya wavulana, fedha ile akiwa nayo. Mtu mwingine angelalamika kwamba msaada ulikaa nyuma ya ukuta hali watu wana dhiki. Müller aliandika kuwa Mungu alikwisha kukusudia kusaidia tangu mwanzo, ila anapenda kuombwa. Tarehe 21 Novemba ya mwaka huo matroni wa nyumba zote tatu hawakuwa hata na nusu peni baina yao. Chakula cha mchana kilipatikana, mkate uligawanywa, lakini wa kesho haukuwako. Baada ya sala alitoka kunyosha miguu, akapita njia asiyoipita kila siku, akakutana na ndugu mmoja aliyekuwa amekwisha mtafuta bila ya kumpata. Akampa pauni 10 kwa makaa na mablanketi ya maskini wa kanisa, pauni 5 za yatima, na pauni 5 za kazi nyingine. Müller alihesabu kwamba angechelewa nusu dakika wangepishana.

Kuna kisa kingine kinachopendwa zaidi ya vyote, cha asubuhi ambayo watoto waliketi mbele ya meza tupu, akashukuru kwa chakula kisichokuwapo, na mara mwoka mikate akagonga mlango, na nyuma yake muuza maziwa ambaye gari lake limevunjika mbele ya nyumba. Kisa hiki kilisimuliwa na watu waliomjua, nami sina haja ya kukipinga. Lakini husimuliwa sana kwa sababu ni kifupi na kinapendeza, na wasimulizi wake huviacha vile vya daftari, ambavyo ni vikavu zaidi, vyenye shilingi na peni na majina ya siku, na ambavyo kwa maoni yangu vina uzito mkubwa, kwa maana humwonyesha mtu akingoja tangu asubuhi mpaka jioni, na kesho tena, na mwezi ujao tena, bila ya kugonga mlango wa mtu.

Wapinzani wake walikuwa na hoja moja ya nguvu. Walisema: huyu bwana haombi fedha, lakini kila mwaka anachapa taarifa inayoeleza jinsi yatima walivyokaribia kukosa mkate, na tangu mwaka 1837 amechapa masimulizi ya maisha yake; je, hiyo si barua ya kuomba iliyovishwa kanzu nyingine? Hoja hii haiwezi kutupwa. Watu wengi walitoa kwa sababu walisoma. Müller alijibu kuwa anaeleza haja zilizopita na zilizokwisha jibiwa, si haja zilizopo, na kwamba mwenye kupokea amana ya watu analazimika kutoa hesabu. Kisha alitoa jibu la vitendo. Mwishoni mwa mwaka 1841 ulifika wakati wa mkutano wa mwaka na wa kuchapa taarifa, na hazina ilikuwa tupu kabisa. Kila mwenye akili ya biashara angeharakisha mkutano. Yeye aliuahirisha, kusudi dhiki ile isije ikajulikana na kuwasukuma watu kutoa, na miezi iliyofuata ikawa ya mashaka makubwa, mpaka asubuhi moja ya mwezi wa Aprili 1842 ilipofika hundi ya pauni 100 kutoka India. Mtu anayetafuta fedha kwa hila hafungi duka lake siku ya soko.

Mwezi wa Oktoba 1845 mkaazi mmoja wa mtaa wa Wilson alimwandikia barua ya adabu, akilalamika juu ya kelele za watoto na taabu ya mifereji ya maji. Müller aliipima barua ile kwa saa kadha, akaandika sababu za kuhama na sababu za kutohama katika safu mbili, kama alivyozoea katika kila kadhia kubwa, akaona kuwa mlalamikaji ana haki. Watoto walikuwa zaidi ya mia moja katika nyumba nne zisizo na uwanja. Akaanza kusali na mke wake kila asubuhi kwa ajili ya ardhi na majengo ya watoto 300, na baada ya zaidi ya mwezi mmoja, tarehe 10 Desemba, akapata pauni 1,000 kutoka kwa mtu mmoja, kipawa kikubwa kuliko vyote alivyokuwa amepata mpaka siku ile. Mchora ramani wa London akajitolea kuchora na kusimamia kazi bila ya ujira. Mwezi wa Februari 1846 Müller alikwenda kumtafuta mwenye shamba la Ashley Down, asimkute nyumbani wala dukani, na badala ya kumwandama akaamua kungoja mpaka kesho. Kesho yake mwenye shamba alimwambia kuwa usiku ule aliamka saa tisa asipate usingizi tena mpaka saa kumi na moja, akifikiri juu ya ardhi yake, na kwamba ameazimia kumwuzia kwa pauni 120 kwa ekari ingawa bei ilikuwa pauni 200. Ekari zilikuwa karibu saba. Jengo la kwanza lilifunguliwa tarehe 18 Juni 1849, la pili mwaka 1857, la tatu mwaka 1862, la nne mwaka 1868, na la tano mwanzoni mwa 1870. Na hakuna jiwe lililowekwa kabla fedha yake haijafika.

Mwishoni mwa Novemba 1857 boila lililopasha joto nyumba ya kwanza lilianza kuvuja. Lilikuwa limezungukwa na ukuta wa matofali, tundu lake halikuonekana, na ili litafutwe ilipasa moto uzimwe na ukuta ubomolewe katika majira ya baridi, hali ndani ya nyumba wamo watoto wadogo kwa mamia. Siku ya mafundi ikawekwa, na mara upepo mkali wa kaskazini ukaanza kuvuma. Müller aliomba mambo mawili: upepo ugeuke uwe wa kusini, na mafundi wapewe moyo wa kufanya kazi kama wale waliojenga ukuta wa Yerusalemu pamoja na Nehemia. Jumanne jioni kaskazi yao bado ilikuwa ikivuma. Jumatano upepo ulitoka kusini na hewa ikawa ya vuguvugu hata moto haukuhitajika. Jioni msimamizi wa mafundi alisema watarudi alfajiri, lakini mafundi wenyewe wakasema kuwa wanapenda kufanya kazi usiku kucha, na baada ya saa kama 30 boila likawashwa tena. Msomaji ataamua mwenyewe juu ya upepo. Mimi hunishughulisha zaidi lile ombi la pili, ambalo ni ombi la mtu aliyewahi kusimamia mafundi.

Ndani ya majumba maisha yalikuwa ya nidhamu kali, ya kengele na safu, lakini watoto walilishwa, walivaa nguo safi, na walisoma kwa muda mrefu kuliko desturi ya watoto wa maskini, hata wako waliomshutumu Müller kuwa anavinyima viwanda na migodi vijana wa kazi. Wasichana walifundishwa utumishi wa nyumbani na wavulana wakatolewa wapate ufundi kwa gharama ya nyumba, na kila aliyeondoka alipewa mavazi na Biblia. Kulikuwa na sharti moja ambalo sitalipitia kimya: mtoto alipaswa awe amefiwa na wazazi wote wawili, na wazazi hao wawe walioana kwa ndoa halali. Sharti la kwanza lilikuwa na sababu, kwani nafasi zilikuwa chache; la pili liliwaacha nje ya mlango watoto wasiokuwa na hatia yoyote, na sioni dua inayoweza kulitetea.

Mahesabu yalikuwa ya namna ya peke yake. Kila mtoaji alipewa stakabadhi yenye namba, na namba ile ilichapwa katika taarifa pamoja na kiasi, hata kikiwa peni moja, bila ya jina, ili mtoaji aweze kuhakikisha kuwa sadaka yake imeandikwa na jirani yake asijue kuwa ametoa. Bi Mary Müller alikagua madaftari ya matroni, akachagua vitambaa, akapima mablanketi, akazunguka nyumba zote karibu kila siku mpaka alipofariki tarehe 6 Februari 1870, mwezi mmoja baada ya jumba la tano kufunguliwa. Na mume wake alisimama mwenyewe kuhubiri katika mazishi yake juu ya wema wa Mungu. Mwaka uliofuata binti yao wa pekee, Lydia, aliolewa na James Wright, msaidizi wa baba yake, ambaye mwaka 1872 aliwekwa kuwa mkuu pamoja na mkwewe. Müller hakutaka kazi ife naye, na aliomba mrithi miaka mingi kabla hajamhitaji.

Mkono wake ulifika mbali na Bristol. Alisaidia shule ndani na nje ya Uingereza ambazo zilifundisha watoto zaidi ya 100,000, akagawa Biblia kwa malaki, na akampelekea mmisionari Hudson Taylor wa China fedha katika miaka ambayo misheni yake ilikuwa na dhiki. Taylor aliifanya kanuni ya kutochangisha kuwa sheria ya misheni yake iliyoanzishwa mwaka 1865, na misheni nyingine zikaifuata; mojawapo ni Africa Inland Mission, ambayo watu wake wa kwanza, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walishuka Mombasa mwezi wa Oktoba 1895 na kupanda kwenda Ukambani. Scott alifariki mwezi wa Desemba wa mwaka uliofuata, na wenzake wengi wakafa au wakarudi kwao, lakini kanuni ile ilibaki katika bara letu pamoja na makanisa waliyoyaanzisha. Kwa njia hii ndefu, kutoka Halle kwa kupitia Bristol na China, fikira ya Francke ilifika Afrika ya Mashariki.

Alipotimiza umri wa miaka 70, wakati ambao wengine hutafuta kiti cha kivulini, Müller alianza kusafiri na mke wake wa pili, Susannah, akahubiri katika nchi 42 kwa muda wa miaka 17, akapita maili 200,000 kwa meli na gari la moshi. Lydia alifariki mwaka 1890, baba yake akiwa safarini. Müller alirudi Bristol, akamzika Susannah mwaka 1894, akahamia katika chumba ndani ya jumba namba 3. Tarehe 9 Machi 1898 aliongoza mkutano wa sala kama kawaida. Asubuhi ya tarehe 10 alikutwa amekufa sakafuni kando ya kitanda, mwenye miaka 92. Siku ya mazishi kazi zilisimama mjini na maelfu ya watu wakajipanga njiani, na nyuma ya jeneza walitembea yatima. Watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa katika mikono yake. Wakaguzi walipofungua madaftari yake waligundua kuwa katika fedha alizopewa kwa matumizi ya nafsi yake alikuwa ametoa sadaka pauni zaidi ya 80,000 bila ya kutaja jina lake, na mali yote aliyoiacha, pamoja na samani na vitabu, ilipata kama pauni 160.

Wright aliiendeleza kazi kwa kanuni zile zile. Baadaye sheria za malezi nchini Uingereza zilipobadilika na ikaonekana kuwa mtoto hustawi zaidi katika nyumba ndogo yenye watu wachache, watoto walihamishwa kidogo kidogo, na mwaka 1958 majumba matano ya Ashley Down yaliuzwa kwa serikali ya mji, yakafanywa chuo. Chama chenyewe hakikuuzwa. Kingaliko Bristol, kinatoa hesabu zake, na hakichangishi.